Kompyuta ya Ndani Inahama

Nyumbani, tarehe 2 Februari

Baba Watoto,

Barua hii anakuletea yule dereva wa lori la saruji, yule anayeimba vibaya na kwa sauti. Ningekupigia simu, lakini huko kambini kwenu mtandao haufiki, na mara ya mwisho ulipopanda juu ya kifusi kuutafuta nilisikia upepo tu. Bora karatasi.

Watoto wazima. Mimi mzima. Asiye mzima ni kompyuta.

Unaijua, ile kuukuu aliyotuachia kaka yangu, Mungu amrehemu, inayoendesha cherehani ya kudarizi. Siku hizi inanguruma kama mashine ya kusaga. Mpya nimeshapata, ipo mezani imefunikwa kitambaa kama bibi harusi, lakini haijanifaa kitu. Programu ya kudarizi ni ya zamani mno, haizikubali kompyuta za leo. Ndiyo maana kaka alitengeneza ndani ya ile kuukuu kompyuta nyingine ya kuigiza, yenye mambo ya zamani, programu ikakaa humo ikajiona iko kwao. Sasa na ile programu inayoibeba hiyo kompyuta ya ndani imezeeka nayo. Nimejaribu kuiweka kwenye mpya, imenikatalia katakata. Fundi wa mtaa wa pili alikuja, akatazama, akasema, "Mama, futa vyote uanze upya." Nikamwambia aanze kufuta nyayo zake hapo mlangoni.

Humo ndani kuna michoro yote, ya kaka na yangu. Kuna nembo ya shule ya hapo juu, na wameshaagiza nembo mia tatu za sweta, wanazitaka kabla shule hazijafunguliwa mwishoni mwa Aprili. Nisipoihamisha hiyo ya ndani kabla kuukuu haijakata roho, sina karakana.

Na sijasahau tulivyokubaliana. Ulisema karakana ikisimama yenyewe bila kuyumba, siku hiyo unaweka gunia chini unarudi. Huu ni mwaka wa tano. Basi nakuarifu tu. Haijafika pabaya sana.

Mkeo,
fundi wa kudarizi


Kambini, tarehe 13 Februari

Mama Watoto,

Barua nimeipata, ina alama ya kidole cha dereva chenye grisi pale ulipomsema anaimba vibaya. Nadhani kaisoma.

Shule niliishia darasa la sita, unanijua, kwa hiyo mambo ya kompyuta ndani ya kompyuta nimeyarudia mara tatu. Lakini bahati imeniangukia. Mwezi huu nimepandishwa cheo. Asubuhi sibebi magunia, nafagia ofisi. Na humo ofisini yupo fundi wa kompyuta za kampuni. Tunamwita Miwani kwa sababu anazo mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na bado utamkuta anazitafuta.

Nilimsomea barua yako, nikaruka pale pa bibi harusi. Akanyanyua kichwa, akasema, "Hiyo inaitwa kompyuta pepe. Ichukulie kama mpangaji. Programu inayoibeba ndiyo mwenye nyumba. Mwenye nyumba wenu amezeeka, hawezi kuhamia mtaa mpya. Mtafutieni mpangaji mwenye nyumba mwingine. Akihamishwa vizuri, hata hatajua kama amehama."

Sasa hapo nikaelewa. Kuhamisha watu ni kazi yangu tangu ujana. Sikiliza basi.

Kwanza, izime kabisa ile kompyuta ya ndani. Usiilaze tu. Mtu habebwi na kitanda chake huku amelala. Halafu ifungue folda yake, utakuta faili moja kubwa ajabu na nyingine ndogo ndogo zenye namba mkiani. Ichukue ile kubwa, inakili kwenye diski ya kuchomeka. Hizo ndogo ziache, ni kama vumbi linalobaki chini magunia yakishaondoka. Nimebeba mizigo miaka mitano hapa, kabla ya hapo sokoni miaka tisa, najua mzigo wenye mali ni upi. Ni ule unaokupinda.

Kisha kwenye kompyuta mpya weka programu ya mwenye nyumba mwingine. Miwani ameitia kwenye fleshi, dereva anayo, ni ya bure na haibagui. Itakuuliza mashine mpya itumie diski gani. Ionyeshe ile faili kubwa. Basi, imehama.

Ukimaliza, hiyo kuukuu mpe mtu wa vyuma chakavu, akuondolee kelele. Mimi naanza kufikiria nitakavyolala nyumbani bila kusikia lori.

Mumeo,
mhamishaji


Nyumbani, tarehe 24 Februari

Baba Watoto,

Fleshi imefika. Nitaifanya kazi hii Jumamosi, watoto wakiwa kwa bibi yao.

Nina maswali mawili yasiyohusu kompyuta. La kwanza, huyo Miwani ni wa kike au wa kiume? Naona umemwelezea kichwa vizuri sana. La pili, tangu lini mbeba magunia akapandishwa cheo cha kufagia? Huku kwetu ufagio ni kushuka.

Nijibu yote mawili. La pili kwanza.

Mkeo


Nyumbani, tarehe 1 Machi

Baba Watoto,

Sikungoja majibu yako, naandika kwa sababu dereva anapita kesho na mimi nikikaa na hili moyoni litanipasua.

Nilifanya ulivyoniambia. Nilizima, nikanakili ile kubwa, ikachukua saa nzima na robo. Nikaweka mwenye nyumba mpya, nikamwonyesha faili. Kioo kikawa cheusi, halafu ikaamka! Nilipiga kigelegele peke yangu humu karakanani, jirani akachungulia dirishani akauliza, "Nani kaolewa?"

Halafu nikaangalia vizuri.

Ni kompyuta ya miaka minne iliyopita. Kwenye kioo imerudi ile picha ya mlima, ambayo kaka aliitoa mwenyewe akaweka ya watoto. Michoro yake ya mwanzo ipo. Yangu haupo hata mmoja. Lile ua la kwanza nililochora kwa mkono wangu, lile nililokutumia ukacheka kwamba limepigwa na upepo, halipo. Nembo ya shule haipo. Yote aliyoyafanya kaka miezi yake ya mwisho, akichora huku amejifunga shuka kiunoni kwa ajili ya baridi ya homa, hayapo. Imeamka, lakini haijui kama nimejifunza kazi. Haijui kama kaka amekufa.

Na hata programu yenyewe ya kudarizi haifunguki, inasema haioni ufunguo, ilhali kile kidude chekundu cha ufunguo, kinachoiruhusu ifunguke, nimekichomeka hapo hapo mbele ya macho yake.

Nimekaa nikaisoma barua yako tena, mstari kwa mstari, nikitafuta nilipokosea. Sijapaona. Kama ndivyo, basi imepotea na hakuna wa kulaumiwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Usinitajie tena habari ya kurudi kwa sasa. Nitaanza kuzihesabu siku bure.

Mkeo


Kambini, tarehe 10 Machi

Mke wangu,

Wa kulaumiwa yupo. Ni mimi.

Lakini kabla hujasoma zaidi, kama kompyuta kuukuu bado ipo, usiiguse. Na kama umeshampa mtu wa vyuma kama nilivyokuandikia, ngozi ya uso wangu inawaka ninapoandika hivi, weka barua chini umkimbilie. Jana nilipanda kifusini kukupigia. Ulipokea, nikasikia unaita "Haloo? Haloo?", ikakatika. Nilijaribu mara nne.

Sasa soma. Nilipompa Miwani barua yako alivua miwani zote mbili. Akaniuliza, "Nani kamwambia achukue faili kubwa peke yake?"

Nikasema, "Mimi."

"Mimi nilikwambiaje?"

"Ulisema achukue folda nzima."

Ndivyo alivyosema, mke wangu. Folda nzima, na kila kilichomo. Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini nilipokaa kukuandikia nikaona nakupunguzia mzigo. Mbeba mizigo akiingia ndani ya nyumba anaangalia kabati, anaangalia kitanda, vijikaratasi anavipiga teke. Nikazipiga teke faili ndogo.

Miwani anasema miaka minne iliyopita marehemu shemeji alipiga picha ya hali. Si picha ya kutazama. Ni kama kuiambia kompyuta, "Hapa tulipo ni salama, pakumbuke, nikiharibu mbele nirudishe hapa." Bila shaka ni siku ile aliyokukalisha kwenye kiti akakuachia kipanya kwa mara ya kwanza. Aliogopa utamvurugia, akajiwekea akiba. Tangu siku hiyo ile faili kubwa ilifungwa kama gunia lililoshonwa mdomo, haikuongezwa kitu tena. Kila kipya kimekuwa kikiingia kwenye zile ndogo. Miaka minne yako yote imo kwenye vumbi nililokwambia uache.

Miwani anauliza hivi: uliyoiwasha kwenye mpya ni nakala, au uliihamisha faili yenyewe? Kama ni nakala, hakuna kilichoharibika. Kama ni yenyewe, ndogo hazitaitambua tena kubwa yao.

Kama ni nakala, fanya haya. Safari hii ananisimamia nyuma ya bega, naandika anachosema na siongezi hata nukta.

Nakili folda nzima kwanza, iwe akiba. Kisha kwenye ile kuukuu fungua mwenye nyumba wa zamani, nenda kwenye orodha ya picha za hali, chagua kuifuta picha. Neno "futa" litakutisha. Usitishike. Ukiifuta picha, yeye anazimimina faili ndogo ndani ya ile kubwa, zinakuwa kitu kimoja. Itachukua saa nyingi na kompyuta isizimike katikati. Ikizimika hapo, Miwani ametikisa kichwa tu. Akiba yako itakuwepo, lakini akiba bila mwenye nyumba wa zamani haifunguki kwa urahisi. Ikimaliza, mwamuru aifunge mashine yote kama kifurushi kimoja cha kusafirisha, na hicho kifurushi ndicho ukampe mwenye nyumba mpya. Na kidude chekundu usikichomeke tu. Ingia kwenye mipangilio ya mashine, tafuta orodha ya vifaa, kiwekee alama. La sivyo kinabaki nje mlangoni, mpangaji hakioni.

Sasa maswali yako. La pili kwanza, kama ulivyoamuru.

Sikupandishwa cheo. Mwezi wa kwanza gunia lilinishukia kiunoni. Daktari wa kambi amenikataza kubeba, msimamizi akanipa ufagio. Siwezi kuinama kufunga viatu, rafiki yangu wa kitanda cha juu ndiye ananifunga kila asubuhi na ananidai shukrani kila jioni. Nilikuficha kwa sababu ungesema nirudi. Na mimi nilitaka nirudi kwa kuwa wewe umesimama, si kwa kuwa mimi nimeanguka.

La kwanza: Miwani ni mwanamke. Ana umri wa mama yangu, ananiita "mwanangu", na juzi alinigombeza kwa kufagia chini ya miguu yake.

Mumeo


Nyumbani, tarehe 22 Machi

Mume wangu,

Kaa chini kwanza, kama kiuno kinakuruhusu.

Kompyuta kuukuu ipo. Haikwenda kwa mtu wa vyuma, na usidhani nilikuwa na akili kuliko wewe. Ni kazi yangu tu. Mimi nikishona nguo kwa kiolezo kipya, kile cha zamani sikitupi mpaka mwenye nguo aje aivae, anyanyue mikono, akae, ainame. Wateja wangu wanalijua hilo, wananiita Mama Inama. Hiyo kompyuta mpya ilikuwa bado haijainama mbele yangu. Sasa ningeitupaje ya zamani? Na niliyoiwasha ilikuwa nakala. Faili yenyewe sikuigusa, kwa sababu hiyo hiyo.

Na mimi nina la kukuambia, tulingane. Nilikuandikia "haijafika pabaya sana". Ilishafika. Tangu Januari kila ikikaribia saa sita mchana kompyuta kuukuu inapata joto inajizima yenyewe. Nilikuwa nafanya kazi asubuhi tu, mchana naipepea kama mgonjwa. Sikukuambia kwa sababu ungetuma kila ulicho nacho ikiwemo hiyo ndoto yako ya kurudi. Basi tumedanganyana wote wawili, mwezi mmoja, kwa nia moja.

Kwa hiyo barua yako iliposema isizimike katikati, nilianza kuhesabu. Saa nyingi, na mimi nina mpaka saa sita. Nilinakili folda yote siku ya kwanza, vumbi na kila kitu. Siku ya pili niliamka alfajiri, nikavua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi ya cherehani, nikaiweka karibu na mlango, nikaigeuzia feni ya watoto. Saa kumi na mbili na dakika tano nikabonyeza "futa". Niliogopa kama siku ile ya kwanza kaka aliponiachia kipanya. Kumbe siku ile na yeye alikuwa anaogopa, ndiyo maana akapiga picha. Miaka yote nilidhani alikuwa ananiamini kabisa. Nimecheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, halafu nikaendelea kupepea.

Saa nne ilikuwa imepita nusu. Saa tano jua likaingia mlangoni, nikatundika shuka. Jirani akaja kuazima uzi mweupe, nikamwambia, "Shika hili, pepea." Akauliza, "Nani anaumwa?" Nikamwambia, "Kaka." Akapepea. Saa sita kasoro kumi ikanguruma mpaka meza ikatikisika. Jirani akaniambia, "Inakwenda hii." Nikamwambia, "Anayekwenda ni wewe ukiacha kupepea." Saa sita na robo ikasema imemaliza. Saa sita na dakika ishirini ikajizima.

Imengoja imalize, unaona. Ni ya kwetu kweli.

Kesho yake asubuhi, ikiwa imepoa, ikanifungia kile kifurushi kimoja. Nikampa mwenye nyumba mpya. Nikakiwekea kidude chekundu alama kwenye orodha, na safari hii kikaonekana. Ikaamka na picha ya watoto kwenye kioo. Ua langu lipo, limepinda vile vile. Nembo ya shule ipo. Nikaifunga sweta ya majaribio kwenye fremu, nikabonyeza, sindano ikaanza kucheza. Nimeiangalia mpaka ikamaliza nembo ya kwanza. Mpaka leo nimeshadarizi tisini na nne, mchana na jua lake, na kompyuta mpya hata joto haijapata.

Nilikuwa napekua michoro ya kaka, ile niliyokuwa siifungui kwa sababu ya uchungu. Kuna mmoja alioupa jina "Sisimizi anarudi". Unakumbuka alivyokuita Sisimizi, mwembamba anayebeba mzigo kuliko mwili wake. Aliuchora wiki mbili baada ya wewe kuondoka na hakuwahi kuudarizi. Nimeudarizi leo, uko ndani ya bahasha hii, mdogo kama kitufe cha koti. Uangalie vizuri mgongoni. Hakumbebesha kitu.

Karakana imesimama. Haiyumbi. Timiza ulilosema. Na usilete zawadi, kiuno hicho hakibebi hata kilo ya sukari.

Msalimie mama yetu Miwani. Mwambie namdarizia kifuko cha miwani. Kimoja, achague ipi itakaa humo.

Mkeo,
Mama Inama


Kambini, tarehe 3 Aprili

Mama Inama,

Barua hii tunakuja nayo pamoja, lakini nimeiandika kwa sababu naona haya kukuambia kwa mdomo.

Nilipofungua bahasha niliutafuta mzigo mgongoni mwa yule sisimizi, nikamgeuza na upande wa nyuma. Halafu nikamwonyesha Miwani. Alimwangalia kwa miwani ya kwanza, akabadilisha akamwangalia kwa ya pili, akasema, "Shemeji yako alikuwa fundi." Akaniomba nimwachie ufagio ukutani, atafagia mwenyewe mpaka aje mfagiaji mwingine.

Msimamizi amenipa karatasi ya kuondoka bila maneno mengi. Rafiki yangu wa kitanda cha juu amenifunga viatu kwa mara ya mwisho, akasema huko nyumbani nitafute mwingine wa kunidai shukrani.

Nimefungasha. Miaka yote nikihamisha watu nilianza na kikubwa. Safari hii nilianza na vidogo. Barua zako zote nimezipanga kwa tarehe, hata zile za kunigombeza. Sisimizi nimemshonea ndani ya mfuko wa shati kwa mkono wangu, mshono mbaya, usiucheke mpaka nikae. Nilipofika kwenye godoro, sanduku la bati na viatu vya kazi, nikaona havina haja. Nimemwachia wa kitanda cha juu.

Lori linaondoka sasa hivi. Dereva ameshaanza kuimba. Amezunguka nyuma, amechungulia, amerudi kuniuliza, "Mzee, mizigo yako iko wapi nikupakilie?"

Nimemwonyesha mfuko wa shati.

Mumeo,
Sisimizi